Wa Moshi na Arusha waendao Mbeya, Chalinze ya nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo moja kuhusu safari ndefu za magari binafsi, hasa za kutoka Kaskazini kwenda Nyanda za Juu Kusini.

Kila likizo ya Desemba ikikaribia, wenye magari hupewa ushauri uleule: kagueni magari, ondokeni mapema. Huo wa kuondoka mapema nina shaka nao. Chukua dereva anayetoka Moshi saa 11 alfajiri kwenda Mbeya kwa njia iliyozoeleka ya Same, Korogwe, Segera na Chalinze. Anafika Chalinze kwenye saa 7 mchana. Hapo malori yaliyotoka bandarini Dar es Salaam yanaungana na mabasi ya Tanga, Moshi na Arusha, na wote wanaelekea Morogoro kwa barabara moja. Akila chakula Msamvu pale Morogoro, hifadhi ya Mikumi anaipita jua likishuka, na mlima Kitonga anaukuta usiku, nyuma ya semitrela zinazopanda kwa gia nzito kabisa. Lori moja likikatika ekseli pale kwenye kona, foleni inashuka mpaka Ruaha Mbuyuni na watu wanalala humohumo garini. Dereva huyo ameondoka mapema kama alivyoambiwa. Kosa ni kwamba hakuna aliyemwambia apige hesabu ya saa atakayokuwa Kitonga.

Kinachotakiwa ni kupanga safari kwa kurudi nyuma. Orodhesha kwanza sehemu tatu au nne mbaya za njia yako, amua kila moja unataka kuipita saa ngapi, ndipo hesabu zikupe saa ya kuwasha gari. Na kabla ya hapo jiulize kama njia yenyewe ni ya lazima. Kwa watu wa Arusha na Moshi, Chalinze si lazima tena.

Tangu mwaka 2018 ilipozinduliwa barabara ya lami ya Dodoma–Babati, kilomita 251, mtu anaweza kutoka Arusha mpaka Mbeya juu ya lami tupu bila kuukaribia mkoa wa Pwani: Arusha, Makuyuni, Babati, Kondoa, Dodoma, Mtera, Iringa, Makambako, Mbeya. Kipande cha Dodoma–Iringa, kilomita 260, kilikuwa na lami tayari. Lakini mazoea yana nguvu, na wengi bado wanazunguka.

Umbali ni huu. Arusha hadi Dodoma ni takriban kilomita 425, Dodoma hadi Iringa 260, Iringa hadi Mbeya 330 hivi. Jumla ni kama 1,015. Kwa Chalinze: Arusha hadi Chalinze takriban 540, Chalinze hadi Morogoro 85, Morogoro hadi Iringa 310, kisha zilezile 330. Jumla inakaribia 1,265. Anayeanzia Arusha anaokoa kilomita 250. Wa Moshi anaongeza 80 upande mmoja na kupunguza 80 upande wa pili, kwa hiyo anaokoa kama 90. Ukifika Mwanga njia mbili zinalingana, na kuanzia Same kushuka, Korogwe na Tanga, Chalinze ndiyo fupi. Hao siwashauri wazunguke Babati. Nawashauri walale Morogoro au Mikumi mjini na kuikabili Kitonga asubuhi wakiwa na nguvu, tangi likiwa na mafuta zaidi ya nusu na maji ya kunywa yakiwa garini, kwa sababu pale ukikwama hupati pa kugeuzia. Ndani ya hifadhi ya Mikumi, kwenye kilomita 50 zile, mwendo ni 70 mchana na 50 usiku, na anayemgonga mnyama hulipishwa.

Turudi kwenye njia ya kati. Kwa muda, gawanya kilomita zote kwa 60. Usigawe kwa 80 wala 100, hata kama gari lako lina uwezo huo. Ndani ya makazi kibao ni 50, vijiji havihesabiki, kila shule ina matuta na rasta, na trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo hukaa pale unapojisahau baada ya mnazi au mbuyu wa mwisho wa kijiji. Ukigawa kwa 60 unapata muda wa kweli, pamoja na kusimama kidogo kidogo. Arusha–Dodoma ni saa saba na dakika chache. Dodoma–Iringa saa nne na dakika ishirini. Iringa–Uyole saa tano na robo.

Sehemu mbaya za njia hii ni nne: jiji la Arusha lenyewe, ushoroba wa wanyama wa Kwakuchinja, Dodoma saa za ofisi, na Uyole hadi Mbalizi kule Mbeya.

Anayetoka Moshi asiingie katikati ya Arusha. Barabara ya mchepuko ya kilomita 42.4 inaanzia upande wa Usa River, inapita kusini ya jiji na kuikata barabara ya Dodoma magharibi ya mji, kisha inaishia upande wa Ngaramtoni kwenye barabara ya Namanga. Kwa hiyo hata Mkenya anayeteremka kutoka Nairobi kwenda Tunduma anaweza kuitumia kutoka mwisho ule wa pili. Jaza mafuta kabla ya kuingia mchepuko, usiende nao ukitafuta sheli.

Pale Makuyuni, barabara ya kulia inakwenda Mto wa Mbu na Karatu, na wewe unanyoosha kwenda Minjingu. Kati ya hapo na Babati ndipo ulipo ushoroba wa Kwakuchinja, wanyama wanapovuka kati ya Tarangire na Manyara. Pundamilia na nyumbu huvuka kwa makundi. Mmoja akishapita, wa pili anamfuata mbio hata kama gari limeshafika. Tembo ni hatari zaidi usiku kwa kuwa taa za mbele zinagonga miguu tu, na rangi yake na ya giza ni moja. Jioni kuna ng'ombe wa Wamaasai wanaorudi bomani. Ndiyo maana siungi mkono kuondoka Arusha saa 9 usiku kwa kisingizio cha kukwepa foleni. Ondoka saa 11:30 alfajiri. Utakuwa Makuyuni kama saa 12:50, kumeshakucha, na ushoroba utaupita ukiona mbali. Anayetoka Moshi aondoke saa 10 alfajiri.

Babati utafika kama saa 2:20 asubuhi. Hapa kunywa chai, kwa sababu mbele kuna kazi. Kutoka Bonga kwenda Bereko na Kolo barabara inapanda milima yenye kona zinazofuatana, na mstari wa katikati ni wa mfululizo karibu muda wote. Ukikuta lori, kaa nyuma yake. Nitatoa hesabu, maana wengi huamini jicho kuliko hesabu. Wewe uko kwenye 80, lori lenye urefu wa mita 20 liko kwenye 50. Ukianza kulipita ukiwa mita 25 nyuma yake na kurudi upande wako mita 25 mbele yake, utahitaji sekunde tisa. Katika sekunde tisa gari lako linakwenda mita 200. Gari linalokuja kwa 80 nalo linakwenda mita 200. Kwa hiyo bila mita 400 zilizo wazi kabisa, usitoke. Kwenye kona za Kolo mita 400 hazipo.

Mwenye watoto garini anaweza kupumzika Kolo. Ofisi ya michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, iko palepale barabarani. Lakini michoro yenyewe iko milimani, na kuifikia kunakula nusu siku. Atakayeamua hivyo apange kulala Kondoa.

Kutoka Kondoa hadi Dodoma, kupitia Chemba na Mayamaya, barabara imenyooka na magari si mengi. Udhaifu wake uko hapohapo. Dereva anasinzia, na joto la mchana linatesa tairi zilizochoka. Gereji nzuri zipo Babati, Kondoa na Dodoma. Katikati ya hapo ni mafundi wa pikipiki. Kwa hiyo vifaa vya garini vitoke nyumbani: tairi la akiba lenye upepo (lipimwe, si kupigwa teke), jeki inayobeba gari likiwa na mzigo, spana ya nati za magurudumu, pembetatu mbili za kuakisi, mtungi wa kuzimia moto, waya za kushtua betri, kamba ya kuvutia, fyuzi za akiba, mkanda wa feni kama gari lako lina wa nje, na maji lita tano ya rejeta mbali na ya kunywa.

Kuhusu tairi niseme kidogo zaidi, maana ndizo zinazomaliza safari nyingi. Ubavuni mwa tairi, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi la 3517 limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2017, na hata kama maua yake bado marefu, mpira umeshakauka. Wauza mitumba hawapendi usome hapo. Upepo upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye stika ya fremu ya mlango wa dereva, na usome safu ya gari lenye mzigo. Watu huja na imani kwamba kwenye joto upunguze upepo ili tairi lisipasuke. Ni kinyume chake. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja zaidi kila likizunguka, mikunjo inazalisha joto, na joto ndilo linaloachanisha nyuzi za ndani na mpira. Ukisimama Dodoma ukakuta upepo umepanda kwa PSI nne au tano, usiutoe. Utashuka wenyewe gari likipoa.

Dodoma utaingia kama saa 6:40 mchana, na hapo hesabu ya kurudi nyuma inalipa. Ofisi za serikali hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri. Asubuhi kabla ya saa 3, na kuanzia saa 9:30 hadi saa 12 jioni, mji umejaa. Katikati ya hapo unapita bila shida. Ipo barabara ya mzunguko wa nje yenye urefu wa kilomita 112.3 iliyobuniwa ili msafiri asiingie mjini kabisa. Anayetoka Kondoa anaikuta Veyula, anayekwenda Iringa anatokea Matumbulu. Imejengwa kwa vipande, basi kabla ya kuifuata uliza sheli ya Veyula kama upande wako umefunguliwa wote, usije ukarudishwa na kifusi.

Sasa kuna uamuzi mmoja. Kama mko madereva wawili, kuleni, jazeni mafuta, ondokeni saa 7:30 mchana. Mtakuwa Iringa kabla ya saa 12 jioni. Kama uko peke yako, lala Dodoma. Kilomita 685 kwa siku moja kwa dereva mmoja ni nyingi, na kahawa haibadilishi hilo. Ila chumba kitafute mapema Bunge linapokuwa na vikao, hasa Aprili hadi Juni wakati wa bajeti, kwa kuwa nyumba za wageni hujaa mpaka za pembezoni.

Mafuta: gari linalokula lita moja kwa kilomita 10 litahitaji kama lita 42 hadi Dodoma, 26 hadi Iringa, na 33 hadi Mbeya. Tangi la lita 50 linatosha kila kipande kwa nafasi, mradi ujaze Dodoma hata kama geji inaonyesha bado. Baada ya Mlowa Barabarani, Fufu na Chipogoro sheli ni chache, na mafuta ya kwenye madumu usiyaguse. Ukilinganisha na kuzunguka Chalinze, wa Arusha anabakiza lita 25.

Bwawa la Mtera ndilo nusu ya njia kati ya Dodoma na Iringa, na ndio mpaka wa mikoa hiyo. Samaki wa pale ni wazuri, lakini nunua ukiwa na chombo cha barafu. Gari lililofungwa vioo kwa saa mbili na samaki wabichi utaliuza kwa hasara. Baada ya Migori unaanza kupanda mlima Nyang'oro. Anayekwenda Iringa anapanda, kwa hiyo aangalie geji ya joto la injini na azime kiyoyozi ikianza kusogea. Anayerudi anateremka, na huyo ndiye mwenye hatari. Ashuke kwa gia ileile ambayo angepandia. Mwenye gari la otomatiki asiache kwenye D muda wote. Kuna L au 2 au alama ya kutoa, na ziliwekwa kwa ajili ya mahali kama hapa. Ukisikia harufu ya kuungua na pedali ya breki imeanza kwenda chini, simama pembeni nusu saa. Usimwagie rimu maji, diski inapinda au inapasuka.

Iringa mjini iko juu ya mlima na barabara kuu ya Zambia inapita chini, Ipogolo. Mchepuko wa kilomita 7.3 kati ya Kihesa Kilolo na Igumbilo umebuniwa ili anayetoka Dodoma asikatize mjini na kuteremka Ipogolo pamoja na malori. Kwa anayelala Iringa, ni bora kulala upande utakaotokea asubuhi.

Siku ya kutoka Iringa, ondoka saa 12:30 asubuhi. Kuanzia hapa uko kwenye barabara ya malori ya Zambia na Kongo, hakuna njia ya pembeni. Mafinga kuna ukungu, hasa Juni na Julai; washa taa za chini, si za juu, maana taa za juu zinagonga ukungu na kukurudia machoni. Taa za hatari usiziwashe ukiwa unatembea, wa nyuma atadhani umesimama. Kwenye mizani ya Wenda na Makambako foleni ni ya malori na mabasi. Gari dogo linapita, ila lipite taratibu kwa sababu watu wanatokea katikati ya malori. Wa Njombe na Songea wanakata kushoto Makambako. Wa Mbeya wanaendelea Igawa, Chimala na Igurusi, na wakifika miteremko ya Inyala waache nafasi kubwa nyuma ya malori na kubwa zaidi mbele yake. Lori linaloshuka nyuma yako bila breki halina pa kwenda isipokuwa wewe.

Kwa ratiba hii Uyole utafika kama saa 5:45 asubuhi. Wa Tukuyu na Kyela anakata kushoto hapo na Mbeya haimhusu. Anayekwenda Tunduma au Sumbawanga hana njia nyingine ya lami. Atapita Mwanjelwa, Mafiati na Mbalizi pamoja na semitrela, daladala na bajaji, juu yake na ujenzi wa njia nne. Saa za afadhali ni kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Akifika saa 11 jioni, kilomita zile chache zitamla muda kuliko Mafinga hadi Makambako.

Onyo kuhusu ramani za simu. Zinapenda kufupisha. Ikikuelekeza kutoka Arusha kupitia Kibaya mpaka Kongwa, ikatae. Kwa sehemu kubwa ni vumbi, na mvua zikinyesha ni tope. Ile ya Singida, Itigi, Rungwa na Chunya nayo ni fupi kwenye kioo, lakini ina vipande virefu visivyo na lami, na kule Rungwa mbung'o wataingia garini kabla hujafunga kioo. Ramani ipakue kabla ya kuondoka, uweke mwenyewe vituo vya Babati, Kondoa, Dodoma na Iringa, ili isikuchagulie.

Mhariri, nina ombi kwako. Kila Desemba unachapisha nauli za mabasi na simu za polisi, na tunashukuru. Ongeza kisanduku kimoja kutoka TANROADS, wakala wa barabara, mikoani: barabara kuu ipi ina mchepuko wa ujenzi wiki hii, kati ya kijiji gani na kipi, na magari yanaruhusiwa saa ngapi. Kitoke Alhamisi, kabla watu hawajajaza mafuta.

Dereva na msomaji wako,
Babati